Foleni iko wapi? Njia nne za kusimamia ubora wa huduma kwenye mtandao usio na waya, na jinsi ya kuchagua

Msimamizi wa intaneti ya shule, zahanati, nyumba ya wageni au ofisi ya watu thelathini huletewa lalamiko lile lile karibu kila wiki, kwamba mtandao unasumbua. Jibu linalokuja haraka ni kununua kasi kubwa zaidi, na mara nyingi jibu hilo halimalizi tatizo, kwa sababu kinachomtesa mtumiaji si uchache wa megabiti bali ni pakiti zake, yaani vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafirishwe, kusubiri mahali fulani muda mrefu kuliko zinavyoweza kuvumilia. Simu ya sauti inayotumia mfumo wa zamani wa G.711 huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na hata ukiongeza vichwa vya pakiti haifiki kilobiti 100. Hata hivyo pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji ili mazungumzo yaende vizuri. Ndiyo maana simu ndogo kiasi hicho inaweza kukatikakatika kwenye laini ya megabiti 20 huku video ya mwenzake ikishuka bila tatizo lolote.

Njia nne ndizo zinazopatikana kwa urahisi kwa taasisi zetu: vipaumbele vya WMM (mpango wa kutanguliza sauti na video) ndani ya Wi-Fi, kikomo cha kasi kwa kila mtumiaji, foleni ya haki kwenye ruta, na ahadi ya ubora inayonunuliwa kwa mtoa huduma. Watu huzishindanisha kana kwamba zinafanya kazi moja, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kila moja inatibu foleni iliyo mahali pake, na ikiwekwa penye foleni isiyo yake haitibu chochote. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na foleni yenyewe.

Kuitafuta foleni

Anayevuka kwenda Kigamboni au Likoni anajua kwamba magari hayarundikani popote tu barabarani. Hurundikana pale kivuko kinapopakia, kwa kuwa hapo ndipo njia inapokuwa nyembamba kuliko kwingine kote. Askari wa kupanga magari akisimamishwa kilomita 2 nyuma, penye barabara pana na nyeupe, hatakuwa na gari la kupanga. Kwenye mtandao wa taasisi ndogo kuna sehemu tatu zinazoweza kuwa nyembamba namna hiyo: hewani, kati ya vifaa vya watumiaji na kituo cha Wi-Fi (kifaa kinachorusha mawimbi yake); kwenye ruta, pale data inapotoka kwenda kwa mtoa huduma; na ndani ya mtandao wa mtoa huduma mwenyewe, kuanzia mnara wake hadi mkongo wa baharini.

Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa cha bei. Acha kompyuta moja ipakie faili kubwa kwenda mtandaoni, kisha kwenye kompyuta nyingine endesha amri ya ping, inayopima muda wa jibu kurudi, mara mbili kwa wakati mmoja, moja ikielekea ruta yenu na nyingine ikielekea seva ya nje iliyo karibu. Majibu ya ruta yakipanda kutoka milisekunde 3 hadi 200, foleni iko hewani. Ruta ikiendelea kujibu upesi lakini seva ya nje ikapanda kutoka milisekunde 40 hadi 900, foleni iko kwenye lango la kutokea, yaani pale ruta inapotoa data kwenda nje. Majibu ya nje yakiwa mabaya hata usiku wa manane, wakati hakuna anayetumia kitu, tatizo liko kwa mtoa huduma au mbele yake. Nasisitiza seva iwe ya karibu, kwa kuwa nuru ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, na njia ya kilomita 10,000 hugharimu milisekunde 100 za kwenda na kurudi hata kama hakuna foleni popote. Jaribio hili lirudiwe katika saa ya msongamano, kwa sababu kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi hakisemi lolote kuhusu saa tatu usiku.

Vipaumbele vya WMM: kwa foleni ya hewani

Wi-Fi kwa kawaida haina mgawaji wa zamu. Kila kifaa husikiliza kwanza, na mawimbi yakiwa kimya huchagua namba kwa bahati, huhesabu hadi namba hiyo iishe, kisha hutuma. Wawili wakimaliza kuhesabu kwa wakati mmoja hugongana na kuanza upya. Kiwango cha IEEE 802.11e cha mwaka 2005, ambacho sehemu yake tunaijua sokoni kwa jina la WMM, kiliugawa msafara huu katika makundi manne: sauti, video, data ya kawaida na data ya nyuma ya pazia. Kundi la sauti huchagua namba kati ya 0 na 3, la video kati ya 0 na 7, na data ya kawaida kati ya 0 na 15, tena baada ya kusubiri kidogo zaidi. Kwa hiyo sauti hupata zamu mapema mara nyingi, ingawa haijaahidiwa zamu hiyo na mtu yeyote.

Tofauti hiyo kati ya uwezekano na ahadi ndiyo mpaka wa WMM. Simu mbili au tatu zinazozungumza kwa pamoja huona nafuu kubwa, lakini simu kumi zinazogombea namba nne zilezile zitagongana zenyewe kwa zenyewe, na wingi wa vifaa vilivyopewa kipaumbele huwa ndio chanzo cha msongamano. Mpaka wa pili ni alama. WMM hupanga pakiti kwa alama iliyobandikwa na programu iliyozituma, na pakiti nyingi zinazotoka intaneti hufika zikiwa zimefutwa alama njiani, kwa hiyo sauti ya mtu aliye nje huingia kwenu kama data ya kawaida. Hata pakiti yenye alama sahihi inaweza kupotea njia: alama ya 46, ambayo duniani kote hutumiwa kwa sauti, ikisomwa kwa biti zake tatu za mwanzo pekee hutoa 5, na 5 kwenye Wi-Fi ni kundi la video. Waraka wa RFC 8325 wa mwaka 2018 ulielekeza namna ya kurekebisha jambo hili, lakini ni vyema kulihakiki kwenye mipangilio ya kituo chako badala ya kudhani kwamba kila mtengenezaji aliufuata.

Pamoja na upungufu huo, WMM isizimwe kamwe. Haina gharama, na kuna sababu nyingine ambayo mafundi wengi hawaijui: viwango vya 802.11n na vilivyofuata vinaitegemea, kwa hiyo anayeizima akidhani anarahisisha mambo huirudisha Wi-Fi yake kwenye kasi za zamani zisizozidi megabiti 54.

Lipo tatizo la hewani ambalo WMM hailigusi kabisa, nalo ni kifaa kilicho mbali. Pakiti ya baiti 1500 huchukua milisekunde 2 ikitumwa kwa kasi ya megabiti 6, na karibu milisekunde 0.22 ikitumwa kwa megabiti 54. Kifaa cha mbali na cha karibu vikipewa idadi sawa ya pakiti, yule wa mbali atayakalia mawimbi mara tisa zaidi ya mwenzake, na wote wawili wataishia na kasi isiyofika megabiti 6. Usawa wa pakiti hapa ni dhuluma ya muda. Dawa yake ni kusogeza kituo karibu na watu au kuongeza kituo cha pili kwenye chaneli nyingine, au kutumia kituo kinachogawa muda wa kukalia mawimbi badala ya kugawa pakiti.

Kikomo kwa kila mtumiaji: rahisi kueleza, ghali kwa laini

Hii ndiyo njia iliyoenea zaidi kwetu, hasa kwenye ruta za MikroTik zinazoendesha mfumo wa vocha. Kila mtumiaji hupewa kasi yake, tuseme megabiti 1, na hawezi kuizidi. Mmiliki huielewa kwa dakika moja na mteja huielewa pia, jambo ambalo si dogo pale watu wanapolipia.

Ubaya wake unaonekana kwenye hesabu. Laini ya megabiti 20 iliyogawiwa watu 20 kwa megabiti 1 kila mmoja, usiku ambao watatu tu wako macho, huacha megabiti 17 bila kazi huku watatu hao wakilalamika. Mwenye laini akipandisha kikomo hadi megabiti 2 ili kupunguza upotevu, jumla inazidi uwezo, na saa ya msongamano foleni inarudi pale pale langoni. Ipo namna ya kugawa kwa usawa miongoni mwa waliopo tu, ambayo kwenye MikroTik huitwa PCQ, na hiyo ni afadhali sana kuliko kikomo kisichobadilika. Lakini hata hiyo haimlindi mtu dhidi ya simu yake mwenyewe, kwa sababu picha zake zikianza kujihifadhi mtandaoni katikati ya mazungumzo ya video, zitajaza fungu lake lote na mazungumzo yatasubiri nyuma yake.

Pale ambapo intaneti inanunuliwa kwa bando la gigabaiti, hata hivyo, kikomo kina kazi ambayo njia nyingine haziifanyi. Kinachotafutwa hapo ni bando kufika mwisho wa mwezi, si kupunguza kusubiri, na foleni iliyopangwa vizuri kiasi gani haiokoi hata megabaiti moja.

Foleni ya haki: ninayoipendekeza kwa wengi

Kumbukumbu za ndani ya ruta na modemu zilipokuwa rahisi, watengenezaji waliziongeza wakiamini kwamba pakiti isiyodondoka ni huduma bora. Matokeo yake ni foleni ndefu mno. Modemu yenye nafasi ya kuhifadhi megabaiti 1, ikiwa kwenye laini inayopandisha data kwa megabiti 2 kwa sekunde, itachukua sekunde 4 kuimaliza foleni hiyo ikijaa, na sauti ya mtu itasubiri sekunde 4 nyuma ya picha za mwenzake. Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelifanya tatizo hili lijulikane, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kulitibu inayoitwa CoDel.

Wazo lao ni la kupendeza kwa unyofu wake. Badala ya kuuliza foleni ina urefu gani, CoDel huuliza kila pakiti imesubiri muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 na kuendelea hivyo kwa milisekunde 100, huanza kudondosha pakiti moja moja, na kompyuta iliyotuma hupokea ishara hiyo na kupunguza mwendo. FQ-CoDel, iliyoandikwa kwenye RFC 8290 mwaka 2018, iliongeza jambo la pili: mazungumzo mbalimbali hutengwa katika foleni ndogo ndogo, 1024 kwa kawaida, na yule anayetuma kidogo hupitishwa mbele ya anayetuma kwa wingi. CAKE, iliyoingia kwenye Linux toleo la 4.19 mwaka huohuo, ilikusanya hayo yote pamoja na kugawa kwa haki kati ya mtu na mtu, ili mwenye kufungua miunganisho hamsini asipate mafungu hamsini.

Uzuri mkubwa wa njia hii ukilinganishwa na WMM ni kwamba haihitaji alama yoyote. Simu ya sauti hujulikana kwa tabia yake ya kutuma pakiti chache kwa utulivu, iwe inatoka kwenye programu ghali ya ofisi au kwenye simu ya mlinzi wa getini. Na ukilinganishwa na kikomo, hakuna megabiti inayolala, kwa kuwa aliye peke yake huchukua laini yote.

Masharti yake lazima yatajwe wazi. Foleni inaweza kupangwa tu ikiwa iko mkononi mwako, kwa hiyo ruta huwekewa kasi iliyo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, kati ya asilimia 85 na 95, ili msongamano ujengeke kwenye ruta yako badala ya kwenye modemu usiyoitawala. Mmiliki aambiwe mapema kwamba anatoa asilimia 5 hadi 15 ya kasi yake kwa hiari, la sivyo siku atakapopima kasi atadhani fundi amemwibia. Kazi hii pia hutumia kichakataji cha ruta, na ruta ya bei ya chini inaweza kushindwa kwenye faiba ya mamia ya megabiti ingawa inamudu megabiti 20 bila shida. OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, inazo FQ-CoDel na CAKE, na RouterOS ya MikroTik ilizipata kuanzia toleo la 7, kwa hiyo wengi hawahitaji kununua chochote kipya.

Nimeshuhudia chuo kimoja kikipandisha laini yake ya kushusha data kutoka megabiti 10 hadi 20, na malalamiko ya jioni yakabaki yalivyokuwa. Upande wa kupandisha data haukuguswa, ulibaki megabiti 2, na kila jioni simu za wanafunzi zilikuwa zikihifadhi picha za mchana. Kuwekwa kwa CAKE kwenye ruta iliyokuwapo, ikipimiwa megabiti 1.8 za kupandisha, kulimaliza shida ambayo malipo ya ziada ya kila mwezi hayakuimaliza. Kwa maoni yangu, upande wa kupandisha ndio unaosahauliwa kuliko yote, na ndio unaoua mazungumzo.

Udhaifu halisi wa foleni ya haki uko kwenye laini za LTE, yaani intaneti ya 4G ya mtandao wa simu, ambazo kasi yake hupanda na kushuka kufuatana na umati uliopo kwenye mnara. Ukiweka megabiti 10 na mnara ukakupa 4, foleni inahamia kwenye mnara na ruta yako haina tena cha kupanga. Zipo programu ndogo za OpenWrt zinazopima ucheleweshaji kila mara na kurekebisha namba hiyo zenyewe, na zinasaidia, lakini zinahitaji mtu wa kuziangalia.

Ahadi ya mtoa huduma: pale wewe huwezi kufika

Mtandao wa simu umejengwa kwa msingi tofauti na Wi-Fi. Kwenye LTE mnara ndio mwenye mawimbi yote, na kila milisekunde 1 huamua nani atume na nani apokee. Kwa hiyo mnara unaweza kutoa ahadi ya kweli, na kukataa simu mpya ikiwa ahadi za awali zimejaza nafasi. Kila huduma hupewa daraja liitwalo QCI. Simu ya VoLTE, yaani simu ya kawaida ya sauti inayopita LTE, huwekwa daraja la 1, lenye kasi iliyohakikishwa na lengo la kuchelewa kusikozidi milisekunde 100. Intaneti ya kawaida kwa desturi iko daraja la 8 au 9, lenye lengo la milisekunde 300 na bila uhakika wa kasi. Hapa kuna jibu la swali ambalo watu huuliza sana, kwa nini simu ya kawaida inasikika vizuri na ya WhatsApp inakatika kwenye simu ile ile, penye mnara ule ule. Ya kwanza imetengewa njia, ya pili iko kwenye msafara mmoja na video za kila mtu. Teknolojia ya 5G iliendeleza mpango huo kwa madaraja mengi zaidi na kwa uwezo wa kukata mtandao katika vipande, kila kipande na ahadi zake.

Mteja wa bando hawezi kujipandisha daraja kwa kubadili mpangilio kwenye kifaa chake. Ahadi hii hununuliwa kwa mkataba, na mkataba usiotaja namba ni karatasi tu. Unapozungumza na mtoa huduma, uliza kasi ya chini iliyohakikishwa kwa pande zote mbili, ucheleweshaji hadi kituo gani, asilimia ya pakiti zinazoruhusiwa kupotea, saa za kurejesha huduma ikikatika, na nani anapima. Mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, hupima ubora wa huduma za kampuni za simu na hupokea malalamiko, lakini vipimo vyao vinahusu mtandao kwa jumla, wala havichukui nafasi ya masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba wako.

Hata ahadi hiyo ina mwisho. Mwezi Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilibaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa, na hakuna mnara wala ruta iliyoweza kupanga foleni iliyokuwa nje ya nchi. Kwa taasisi ambayo haiwezi kusimama, fedha za ahadi ya gharama kubwa kwa mtoa huduma mmoja mara nyingine zitumike vyema kununua laini mbili za kawaida zinazopita mikongo tofauti. Muulize kila mmoja njia yake kabla ya kusaini, kwa sababu kampuni mbili zinaweza kukodi mkongo mmoja.

Nani achukue ipi

Ofisi au shule yenye faiba au laini isiyobadilika, na ambayo jaribio la ping limeonyesha foleni langoni, ianze na foleni ya haki na kuiacha WMM ikiwa imewashwa. Haihitaji zaidi ya hapo. Nyumba ya wageni inayouza vocha ibaki na kikomo, kwa kuwa mteja amelipia kiasi fulani, lakini iweke kikomo hicho juu ya foleni ya haki badala ya kukiacha peke yake, na kipandishwe usiku. Jengo ambalo foleni yake iko hewani lisinunue chochote kwa mtoa huduma kabla ya kuongeza vituo na kupanga chaneli, hata kama mwenye jengo anaamini kwamba tatizo ni kifurushi.

Zahanati inayofanya mashauriano ya video na hospitali ya mkoa, na inayotegemea LTE pekee, iko kwenye hali ngumu kuliko zote, kwa sababu foleni yake iko kwenye mnara ambao haiumiliki. Hiyo ndiyo taasisi ambayo ningeishauri itafute mkataba wenye kasi iliyohakikishwa hata ikiwa kasi hiyo ni megabiti 2 tu. Mkataba ukishindikana, iweke CAKE yenye kurekebisha kasi yenyewe, ifunge antena ya nje iliyoelekezwa mnarani, na ipange mashauriano asubuhi na mapema, kabla mji haujaamka na kuanza kuugombea mnara huo huo.